Sanduku la Chaki: Wamepiga makofi, lakini wameelewa?

Mwezi huu sanduku limejaa barua za aina moja: kufundisha kwa video na programu za mtandaoni. Tangu walimu wakabidhiwe vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, nilijua siku hii itafika. Kwa msomaji mgeni: nimefundisha fizikia miaka 31, nimestaafu, naishi Muheza, na kila Jumanne na Alhamisi bado naingia darasani kwenye sekondari ya jirani kwa sababu mwalimu wao wa fizikia ni mmoja na vidato ni vinne. Ninayoyajibu hapa ama nimeyafanya, ama yamenishinda nikajua kwa nini.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha fizikia Kidato cha Pili, wilayani Sikonge. Wanafunzi 68 chumba kimoja. Maabara ipo kwa jina, meza tunazo, vifaa hamna. Nina kishikwambi na spika ndogo. Nilipata video nzuri sana ya umeme mtandaoni, nikawaonesha kwa makundi, wakafurahi hadi wakapiga makofi. Jaribio la wiki iliyofuata wakafaulu 9 tu. Nimekosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Hayo makofi ndiyo yaliyonitia wasiwasi. Darasa linaloanza kuelewa umeme halipigi makofi, linabishana.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta ulikuwa unafanya nini video ilipokuwa inaendelea. Hukusema. Nadhani ulikuwa umesimama pembeni unafurahi nao. Mimi mwaka wangu wa kwanza wa mambo haya nilifanya vibaya zaidi: nikawasha video ya dakika 12, nikaenda kukaa nyuma ya darasa kusahihisha madaftari, nikijiona mjanja.

Hebu tuanze na wanachokiamini wanafunzi wako kabla hujafungua mdomo. Nyumbani wamekua wakisikia kwamba pasi inakula umeme, friji inakula umeme, uniti za LUKU zimeisha kwa sababu fulani amechemsha maji kwa hita. Mtoto huyo anaingia darasani akijua umeme ni kitu kinacholiwa. Mchoree balbu mbili zinazofanana zilizounganishwa kwa mfululizo, muulize ipi itawaka zaidi. Wengi watakuambia ile ya kwanza, kwa sababu inakula kabla ya mwenzake, na ya pili inaambulia makombo. Si ujinga huo. Ni mantiki safi kabisa, na aliyewafundisha ni lugha yetu wenyewe. Video yako ikasema kwa sauti nzuri kwamba mkondo ni uleule kila mahali kwenye saketi ya mfululizo. Wakatikisa vichwa. Makombo yakabaki palepale.

Sasa fanya hivi. Tafuta PhET. Ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Mule hukuti video, unakuta simulesheni: unaburuta betri, unaburuta waya, unaburuta balbu, unaunganisha mwenyewe kwa kidole. Ni bure, na nyingine zimekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Unaweza kuipakua ukiwa mjini penye mtandao, ikawa faili moja dogo, ukaifungua kijijini kwa kivinjari bila bando hata chembe. Kuna ya saketi inayoonesha elektroni kama vidonge vidogo vya buluu vikitembea, na ukiunganisha vibaya moto unawaka juu ya betri. Watoto wote wataiunguza betri kwanza. Waache waiunguze, si ya kununua.

Lakini kabla hujawasha chochote, kila mmoja achore kwenye daftari lake na aandike jibu: balbu ipi itawaka zaidi, na kwa nini. Wanyooshe mikono uhesabu. Andika ubaoni: ya kwanza 41, sawasawa 19, ya pili 8, au watakavyogawanyika. Hapo sasa wameweka dau. Mtu aliyeweka dau hatazami kama anayetazama tamthilia.

Kisha washa. Zote zinawaka sawa. Usiseme neno. Watabisha, mmoja atasema mashine ni mbovu. Weka ammita, kile kipimo cha mkondo, kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Namba ni ileile mara tatu. Hapo ndipo uulize: basi kinacholiwa ni nini? Kwa sababu LUKU kweli zinaisha, hatuwezi kuwaambia wazazi wao ni waongo. Maneno "nishati" na "mkondo" yatatengana vichwani mwao siku hiyo, na utaona nyuso zikibadilika.

Kwa watoto 68 na kioo kimoja usijaribu kuwaonesha wote kwa pamoja, wa nyuma wataona mgongo wa mwenzao. Gawa makundi ya wanane au tisa. Kundi moja kwenye kishikwambi dakika saba, mengine yana kazi ya kuchora na kukisia. Itakuchukua vipindi viwili. Sawa, ichukue.

Na jambo la mwisho kwako, maana naona unaamini kishikwambi kitaziba pengo la maabara. Hakitaziba. Kwenye simulesheni waya haujalegea hata siku moja, betri haijafa, na mikono haitoi jasho. Nenda dukani ununue betri nne kubwa za tochi, waya wa spika mita moja, na balbu ndogo. Huku kwetu balbu za tochi za zamani zimeadimika, zimejaa LED. Ukitumia LED kumbuka ina upande: ukiigeuza haiwaki, na betri moja haiitoshi, unganisha mbili. Mwanafunzi atakayehangaika robo saa kwa nini haiwaki, kisha akaigeuza ikawaka, hutamfundisha tena.

Mwalimu, nipo Masasi, nafundisha biolojia. Video nyingi za bure ni za Kiingereza na wanaongea upesi. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wametoka shule ya msingi kwa Kiswahili, hawaambulii kitu. Nitafute za Kiswahili pekee?

Zima sauti.

Naam, zima kabisa. Picha ya moyo unaodunda haina lugha. Wewe ndiye msimuliaji. Valvu inafunga, simamisha: "Damu hii inataka kurudi nyuma. Nani kaizuia?" Waseme kwa Kiswahili kwanza, kisha uandike ubaoni neno la Kiingereza watakalolikuta kwenye mtihani. Tazama tena kipande kilekile, safari hii wao ndio wanasimulia, mmoja mmoja, kwa Kiingereza chao cha kuokoteza. Kipande cha sekunde 40 kitakupa nusu kipindi. Ukimaliza hayo ndipo urudishe sauti, na utashangaa wanavyomsikia yule mzungumzaji, kwa kuwa sasa wanajua atasema nini.

Ukitaka sauti tangu mwanzo, tumia VLC. Ni programu ya bure ya kuchezea video na ina sehemu ya kupunguza kasi. Mimi naweka robo tatu ya kasi ya kawaida. Ukishuka hadi nusu, mzungumzaji anakuwa kama mlevi na darasa linakufa kwa kicheko, basi usishuke huko.

Kuna kitu nilichelewa kukielewa. Salman Khan, yule mwenye Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure ya video, mwaka 2004 alianza kwa kumfundisha binamu yake hisabati wakiwa miji tofauti, na video zikaja baadaye. Ukizisikiliza bado zina ile sauti ya mtu anayeongea na mtoto mmoja aliyekaa karibu yake. Ni nzuri kwa sababu mtoto mmoja, akiwa peke yake, anarudisha nyuma asipoelewa, hata mara tano, bila kuona haya. Darasani kitufe kimeshikwa na wewe, na hakuna mtoto wa Masasi atakayenyoosha mkono mara tano kusema "Mwalimu, rudisha." Kwa hiyo rudisha bila kuombwa.

Halafu siku ya somo la moyo pitia buchani asubuhi, nunua moyo wa mbuzi. Upasue mbele yao. Wakishaziona zile valvu nyeupe kama utando, video inakuwa ramani ya mahali walikokwisha kufika.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa kujitolea Kasulu. Bando nanunua kwa fedha yangu. Video moja inamaliza kila kitu. Wenzangu mnafanyaje?

Marahaba, na pole. Kwanza tazama ubora wa picha uliouchagua. Video ya ubora wa 360p hula takriban megabaiti 5 kwa dakika. Ukiiacha simu ijichagulie, ikapanda hadi 720p, unalipa mara tatu au zaidi ya hapo, na kwenye kioo cha kishikwambi darasa halitaona tofauti. Kwa michoro na maandishi makubwa hata 240p inatosha.

Pili, acha kucheza video moja kwa moja kutoka mtandaoni mbele ya darasa. Nina kovu la jambo hili. Siku moja mdhibiti ubora alikuwa amekaa dawati la nyuma, mimi naonesha mawimbi ya sauti. Video ikaisha, kabla sijafika kwenye kishikwambi likaingia tangazo la kubeti, kijana anarusha noti hewani, spika imefunguliwa hadi mwisho. Wavulana wakaimba nalo, maneno wanayajua yote. Mdhibiti aliandika kitu kwenye karatasi yake, sijui mpaka leo aliandika nini.

Dawa yangu sasa ni programu ya Kolibri. Imetengenezwa na shirika la Learning Equality mahsusi kwa shule zisizo na intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unaingiza masomo mara moja mahali penye mtandao au kwa flashi kutoka kwa mwenzako, kisha simu na vishikwambi vilivyo karibu vinasoma kutoka kwenye kompyuta hiyo bila bando. Ndani yake utakuta masomo ya Khan Academy, simulesheni za PhET na mengine, na maelekezo yake yanapatikana kwa Kiswahili. Kama hamna kompyuta shuleni, anza na Kiwix, programu ya kusoma bila mtandao: Wikipedia nzima ya Kiswahili inaingia kwenye kadi ya simu. Na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimewekwa kwenye maktaba yao ya mtandao, bure. Wanakijiji wengi hawajui, walimu wengi pia.

Nenda kituo cha walimu au kwa rafiki mwenye mtandao na flashi ya GB 32, mara moja kwa muhula. Hiyo ndiyo safari ya bando. Na mkuu wa shule aandikiwe barua: zana za kufundishia hazipaswi kutoka mfukoni mwa mtu anayejitolea. Wewe ukiona haya kuiandika, nitumie jina la shule nikuandikie mimi, haya zangu zilistaafu kabla yangu.

Mwalimu hujambo. Niko Kilifi, Gredi ya Pili. Watoto wangu wanapenda katuni ya hesabu, wanaimba wimbo wote, lakini ukiuliza 7 na 5 ni ngapi wanakutazama tu.

Sijambo, mwalimu mwenzangu. Wameshika wimbo, na wimbo ni mzuri wa kushika. Tatizo ni kwamba wimbo unakwenda mbele tu, hausimami pale kwenye 7.

Wakati wa katuni kila mtoto awe na vizibo kumi na viwili mbele yake. Mhusika akihesabu, nao wahesabu kwa vizibo. Mhusika akiuliza swali, simamisha kabla hajajibu. Ubongo Kids, wanaotengenezwa Dar es Salaam na walioanza kuoneshwa kwenye televisheni mwaka 2014, huuliza maswali ya namna hiyo, na wahusika wao wanaishi kama watoto wetu wanavyoishi. Lakini kipindi kizima ni kirefu kwa Gredi ya Pili. Kata dakika tatu. Dakika tatu na vizibo, kisha zima, wahesabu maembe, vidole, madirisha.

Kwa kusoma, African Storybook wana hadithi nyingi za Kiswahili na za lugha nyingine za Afrika, unaruhusiwa kuzichapa, hata kuzibadilisha. Chapa nakala tano, zipake gundi kwenye maboksi. Kitabu ambacho mtoto anaweza kukilalia hakihitaji chaji.

Nipo Njombe. Mkuu wetu amesema kudurufu video na kuwagawia wanafunzi ni wizi. Mwalimu mwingine anasema kilichopo mtandaoni ni bure. Tena huyohuyo anataka kila mwanafunzi atoe sh. 500 ya "kipindi cha video". Nani mkweli?

Kila mmoja ana nusu. Bure ya kutazama si bure ya kudurufu. Embe likining'inia juu ya njia unaweza kulitazama utakavyo.

Tafuta leseni. Wengi wanaotaka kazi zao zitumike shuleni wanaweka alama ya Creative Commons, herufi CC mbili ndani ya duara, na baada yake herufi zinazoeleza masharti. BY ni kwamba umtaje mwenyewe. NC ni kwamba usifanyie biashara. SA ni kwamba ukiibadilisha, nawe uitoe kwa masharti yaleyale. Video za Khan Academy zina masharti hayo yote matatu. Ukiwagawia wanafunzi kwa flashi na kumtaja mwenyewe, huna kosa. Huyo mwenzako wa sh. 500 ndiye aliyevuka mpaka. Akisema ni ya umeme wa projekta, muulize LUKU ya dakika kumi ni shilingi ngapi.

Video isiyo na alama yoyote, itazame palepale ilipowekwa, au itumie kwa kitufe cha kuhifadhi cha programu yenyewe kikiwepo. Zile tovuti za kunyofoa video achana nazo, licha ya leseni zinaleta virusi.

Mimi ni mzazi, Dodoma. Mwanangu anasema mwalimu wa jiografia huwasha video kisha anatoka nje kuongea na simu. Nifanyeje?

Nenda shuleni ukamuone mwalimu mwenyewe kwanza, kabla ya mkuu, kabla ya kundi la WhatsApp la wazazi. Muulize: "Mwalimu, juzi walitazama video ya volkano, ulitaka waone nini?" Kwa upole, kama mtu anayetaka kumsaidia mtoto nyumbani. Mwalimu mzuri atakueleza na utafurahi. Mwingine atajua kwamba kuna mzazi anayeuliza, na hilo nalo linasaidia. Naweza kuwa namsingizia: walimu wengine wana vidato vinne kwa wakati mmoja na video ndiyo mwalimu wa pili waliyempata. Ukikuta ndivyo ilivyo, hasira yako ina mahali pengine pa kwenda.

Nafundisha Kahama. Nimepata programu nzuri ya maswali ya hisabati, ni ya bure, lakini inataka nijaze majina kamili ya wanafunzi, tarehe za kuzaliwa na namba za simu za wazazi. Niendelee?

Usiendelee hivyo. Taarifa hizo si zako, ni za watoto wa watu, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jiulize programu ya kujumlisha sehemu inahitaji namba ya mama yake nani kwa kazi gani. Mara nyingi isiyokutoza fedha inakutoza hayo.

Tafuta kama kuna njia ya mwalimu kujiandikisha peke yake na kuwaonesha wanafunzi maswali kwenye kioo kimoja. Programu nyingi zinaruhusu, ila kitufe chake wamekificha chini kabisa kwa maandishi madogo. Ikilazimu kila mtoto awe na akaunti, andika "Mwanafunzi 1" hadi "Mwanafunzi 54", acha namba ya simu wazi, na ikikataa kuendelea bila namba, ifute. Orodha ya nani ni namba ngapi iandike kwenye karatasi, uifungie kwenye droo yako pamoja na chaki za rangi.